Kutoka Kikula hadi Kasapa: tukitafuta chuo cha mabinti wetu



Juma lililopita hamkusoma habari za mfuko wa wagonjwa wala za bustani, kwa sababu tulikuwa njiani. Tulitoka Kikula saa kumi na moja asubuhi, giza bado, na baridi ya mwezi wa saba ikituingia hadi kwenye mifupa. Ndani ya Hiace tulikuwa watu sita wa chama chetu: wamama wawili, mwalimu anayewaandikia, na mabinti watatu waliotoka kufanya Exetat upande wa sayansi. Matokeo bado. Lakini anayengoja matokeo ndipo aanze kutafuta chuo, atakuta wenzake wamekwisha kukaa kwenye benchi, na yeye bado anatafuta picha za pasipoti.

Tulikwenda Lubumbashi na swali moja. Binti anayependa matematiki na kompyuta, ambaye mama yake anauza fretins sokoni, aandikishe jina lake wapi, na kwa franga gani? Tulibeba daftari kubwa la mistari, kalamu tatu, na mfuko wa mikate na karanga.

Mama huyo muuza fretins alikuwa kati yetu. Ni mjane, wengi wenu mnamfahamu. Nyuma ya binti yake kuna kijana ambaye bado miaka miwili amalize sekondari. Baba mdogo wa watoto amekwisha kusema neno lake: "Mutoto mwanamuke na mashine, bile bitamusaidia nini? Angojee ndoa, franga zibaki za kijana." Mama hakumjibu. Alituomba tu tumsindikize, akaone kwa macho yake kitu ambacho watu wanamwambia hakiwezekani.

Barabarani

Kutoka Likasi hadi Lubumbashi ni kama kilomita 120. Lami ipo, lakini njia si yetu peke yetu. Malori ya shaba na kobalti yanatoka Kolwezi, yanapita kwetu, yanakwenda hadi Kasumbalesa na kuvuka mpaka. Hiace yetu ilijificha nyuma yao kama kifaranga nyuma ya kuku. Mama wa pili, yule muuza makala, alisema, "Mali inapita, siye tunaangalia."

Binti wa mama wa fretins alikuwa ameketi dirishani. Midomo yake ilikuwa ikicheza bila sauti. Tulipofika Luisha tukamwuliza anasali nini. Akajibu kwamba alikuwa anahesabu malori: 41. "Kama kila moja linabeba tani 30," akasema, "hizo ni tani 1,230 zimetupita kabla ya chai." Kisha akauliza nani huandika hesabu hizo kwa upande wa Serikali, na kama mtu huyo alisoma nini. Hatukuwa na jibu. Tuliandika swali lake kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari.

Orodha huanzia nyumbani

Kabla ya safari tulikuwa tumekwisha kujaza kurasa mbili hapa hapa Likasi. Hilo ni jambo la kwanza tunalotaka wazazi walishike: orodha ya vyuo haianzii mji mkubwa, inaanzia mlangoni pako. Kwetu kuna Université de Likasi, na kuna ISPT ambayo hutayarisha walimu wa masomo ya ufundi. Binti anayelala kwa mama yake hahitaji kodi ya chumba, na bukari anayokula chuoni ni ile ile ya nyumbani. Wengi tunavidharau vyuo vya karibu kwa sababu tu ni vya karibu.

Jambo la pili tulilolifanya ni kuuliza kila binti anataka kusoma nini hasa. Wote watatu walisema "informatique". Mwalimu akawauliza, informatique gani? Wakanyamaza.

Wazazi, jina hili linadanganya. Mahali pengine wanafundisha informatique de gestion: huko mtoto anajifunza kompyuta pamoja na uhasibu, utunzaji wa data za kampuni na kazi za ofisi. Mahali pengine wanafundisha kutengeneza programu zenyewe: algoritmu, lugha za kompyuta, na jinsi mashine inavyofanya kazi ndani. Pengine tena ni mitandao na matengenezo, yaani nyaya, antena na kurekebisha mashine. Na kuna matematiki yenyewe, ambayo wengi hudhani mwisho wake ni ualimu tu. Si kweli. Aliyesoma aljebra, uwezekano na takwimu vizuri anaweza kuingia benki, bima, migodi, ofisi za takwimu, na hata kwenye kompyuta kupitia mlango wa nyuma, kwa sababu algoritmu ni mtoto wa matematiki.

Baada ya maelezo hayo, binti wa kwanza alichagua gestion, maana anapenda mambo ya biashara. Wa pili alitaka mitandao. Wa tatu, yule wa malori, alisema anataka matematiki na programu pamoja, na kama haiwezekani pamoja, basi matematiki kwanza. Kwa hiyo tuliingia Lubumbashi na orodha tatu ndani ya daftari moja.

Kasapa

Mnaoujua mji wa Lubumbashi mnajua jinsi unavyojitangaza: bomba refu la moshi la Gécamines, na kando yake mlima mweusi wa masalio ya madini, ambao si Mungu aliyeuumba bali tanuru. Mji ulianzishwa mwaka 1910 kwa ajili ya shaba. Chuo kikuu kilifuata mwaka 1955, wakati wa Wabelgiji, na leo ndicho Université de Lubumbashi, UNILU. Kampasi yake kubwa iko kwenye njia ya Kasapa, mbali na katikati ya mji. Tulichukua taksi-basi, tukabanana, tukashuka.

Mwaka wa masomo ulikuwa umechelewa kama ilivyo kawaida, kwa hiyo tulikuta madarasa bado yana watu. Kwenye fakulte ya sayansi tuliuliza kwa adabu kama mabinti wanaweza kuketi nyuma dakika chache. Msaidizi aliyekuwa akifundisha alitutazama, wamama wenye vitenge na mfuko wa mikate, akacheka kidogo, akasema, "Ingieni, mama. Matematiki haifukuzi mtu."

Ubao ulikuwa umejaa namba zilizopangwa ndani ya mabano makubwa, safu kwa safu. Binti wa malori alifungua daftari letu bila kuomba ruhusa, akaanza kunakili. Mama yake hakutazama ubao. Alimtazama binti. Kisha akaanza kuhesabu vichwa darasani, na tulipotoka akatuambia, "Wasichana ni saba tu." Alilisema kwa sauti ya mtu aliyeona kiti kitupu.

Baadaye tuliketi chini ya mti na wanafunzi watatu wa mwaka wa pili. Hao ndio walimu wetu wa kweli siku ile. Ofisi inakupa karatasi ya minervali. Mwanafunzi anakupa ukweli. Tuliwauliza mambo haya: kompyuta za labo ni ngapi na wanafunzi ni wangapi? Umeme ukikatika mnafanyaje? Silabasi zinauzwa bei gani? Mtihani wa kila kipindi unalipiwa tena? Mwalimu wa somo kubwa anakuja au anatuma mtu? Nani amemaliza mwaka jana, na leo anafanya kazi wapi?

Walitueleza pia jambo ambalo wazazi wa zamani tunachanganya. Sisi tuliosoma zamani tulifanya gradua miaka 3, kisha lisansi miaka 2. Siku hizi vyuo vimeingia katika mpango wa LMD, ulioenezwa nchini kuanzia mwaka wa masomo 2021-2022: lisansi ni miaka 3, kisha masta ni miaka 2. Kwa hiyo mzazi akipanga franga, apange kwanza kwa miaka 3, na aulize kama kuna mwaka wa matayarisho juu yake. Mwaka huo wa matayarisho ni mwaka mzima wa kula na kulala. Usiusahau.

Usiku wa Katuba

Tulilala Katuba, kwa mdogo wa mama wa fretins. Alitupokea kwa bukari, sombe na samaki, na godoro mbili sebuleni. Wakati wa kula alisema neno ambalo kila familia husema: "Mutoto akuje kwangu tu. Atalala bure." Mama alishukuru hadi akalia kidogo. Tulifikiri hesabu ya chumba imekwisha.

Asubuhi binti alituonyesha daftari. Alikuwa ameamka mapema na kuandika. Kutoka Katuba hadi Kasapa, taksi-basi mbili kwenda na mbili kurudi. Siku ile tulilipa franga 1,000 kwa kila gari. Hizo ni 4,000 kwa siku. Kwa siku 22 za masomo ni 88,000 kwa mwezi, na kwa bei ya dola tuliyobadilishiwa siku ile, 2,800, hizo ni zaidi ya dola 31. Chumba karibu na kampasi tulitajiwa dola 75 kwa mwezi. Wakikaa wasichana watatu, kila mmoja analipa 25.

Yaani kulala bure Katuba kunazidi bei ya kulala kwa kulipa Kasapa. Na bado hatujahesabu saa nne za njiani, wala kazi za nyumbani. Tunazijua nyumba zetu: mgeni wa kike hufika na vitabu, baada ya mwezi mmoja anaosha vyombo vya watu kumi na mmoja. Mama mdogo alisikiliza hesabu ile bila kukasirika. Akasema, "Basi atakuja siku ya Mungu, ale, arudi na unga." Tuliona huo ni msaada wa kweli kuliko godoro.

Vyuo vingine vya mji

Siku ya pili tulizunguka. ISP ya Lubumbashi ilikuwa ya kwanza, kwa sababu mwalimu anayewaandikia ni mtoto wa taasisi ya namna hiyo na anajua thamani yake. Wengi huiweka mwisho wa orodha kwa aibu. Lakini anayesoma matematiki ISP hujifunza na kufundisha pia, na mtu anayeweza kufundisha matematiki hawezi kulala njaa katika mji wenye watoto. Kisha kuna Institut Supérieur de Statistique, chuo cha Serikali ambacho jina lake lenyewe linasema kazi yake: namba. Binti wa malori alifurahi hapo, akadhani labda amepata jibu la swali lake la Luisha.

Upande wa vyuo visivyo vya Serikali, mji una École Supérieure d'Informatique Salama, iliyozaliwa katika kazi ya Wasalesiani wa Don Bosco, na vingine kadhaa. Bei zao huwa juu zaidi, na usikimbie kabla ya kuuliza. Uliza ndani ya bei hiyo kuna nini: labo, intaneti, mafunzo ya kazi kwenye kampuni? Wakati mwingine bei kubwa ina mambo yote ndani, na bei ndogo ina midomo mingi nyuma yake.

Na kuna vyuo ambavyo tunasema: kimbia. Jirani yetu mmoja alilipia binti yake miaka miwili kwenye chuo chenye bango zuri na vioo. Siku ya kuomba karatasi ili ahamie chuo kingine, aliambiwa chuo hakitambuliwi. Miaka miwili ikayeyuka. Hatutaji jina, maana hatutaki ugomvi, tunataka somo. Kabla ya kulipa hata franga moja, uliza: chuo hiki kina kibali cha Wizara ya ESU? Kwa fakulte hii hasa? Nionyeshe arrêté yake. Chuo cha kweli hakikasiriki kwa swali hilo. Na ukilipa, lipa benki, uchukue bodero yako, uitunze kama cheti cha ubatizo. Anayekuambia umpe mkononi ili "akusaidie", mwambie asante.

Hesabu ya mama wa fretins

Sasa tufungue ukurasa mkubwa wa daftari. Bei ni zile tulizoambiwa sisi, kwa vyuo vitatu kati ya vile tulivyouliza. Hatutaji majina, kwa sababu bei hubadilika kila mwaka na kila mmoja lazima aulize mwenyewe.

Chuo cha nyumbani, Likasi: minervali dola 300, na mambo mengine (kuandikishwa, silabasi, mitihani) dola 80. Analala nyumbani, anatembea kwa miguu. Mwaka mzima: 380.

Chuo cha Serikali, Lubumbashi: minervali dola 350, mambo mengine 100, chumba cha pamoja 250 kwa miezi 10, chakula 250. Mwaka mzima: 950.

Chuo cha binafsi, Lubumbashi: dola 800, silabasi 50, chumba 250, chakula 250. Mwaka mzima: 1,350. Na wanataka kila mwanafunzi awe na kompyuta yake ya kubeba.

Angalieni vizuri, wamama. Mtu akisimama dirishani pa ofisi anaona 300 na 350. Anasema, tofauti ni dola 50, twende mjini. Lakini tofauti ya kweli kwa mwaka ni 570. Kwa miaka mitatu, chuo cha nyumbani ni 1,140, cha mjini ni 2,850, na cha binafsi ni 4,050 kabla ya kununua kompyuta. Watoto wengi hawafukuzwi na minervali ya mwaka wa kwanza. Wanafukuzwa na chakula cha mwaka wa pili.

Mama wa fretins ana nini? Zamu yake ya likelemba: wamama 10, kila mmoja anaweka dola 50 kwa mwezi, kwa shida. Zamu ikimfikia anapata 500. Kijana wake mkubwa aliye dereva ameahidi 20 kwa mwezi, miezi 10, yaani 200. Jumla 700 kwa mwaka. Chuo cha nyumbani kinatosha na inabaki 320. Cha mjini kinampita kwa 250.

Hapo ndipo mama angeweza kusema basi, tumeshindwa, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini tulikaa kwenye ukuta wa kituo cha mabasi, sote sita, tukaanza kukata. Mabinti wetu wawili kati ya watatu wameweka chuo cha mjini kwenye orodha zao. Wakipata wa tatu kutoka Likasi, wanapika chungu kimoja. Unga unatoka nyumbani kwa gunia, kwa Hiace ile ile tuliyopanda. Makala yatatoka kwa mama muuza makala, ambaye alisema bila kuombwa, "Yangu gunia moja kila miezi miwili." Chakula kikashuka kutoka 250 hadi 130. Jumla ya mwaka ikawa 830. Pengo likawa 130.

Binti akasema pengo hilo ni lake. Likizo hii atafundisha matematiki watoto wa shule ya msingi, saa mbili kila asubuhi. Shule ya msingi ni bure tangu mwaka 2019, lakini madarasa yamejaa, na wazazi wanatafuta mtu wa kuwasaidia watoto jioni au likizo. Mwalimu anayewaandikia amekubali kumpa funguo za darasa.

Tukaandika orodha yake. Ya kwanza: matematiki na informatique mjini, chuo cha Serikali, dola 830. Ya pili: matematiki kwenye ISP, tuulize bei tena baada ya matokeo. Ya tatu: chuo cha nyumbani, 380, na zile 320 zinazobaki tununue kompyuta iliyotumika na kuweka akiba ya kuhamia mjini akifika masta. Ya tatu si adhabu. Ni mlango ambao mama anaweza kuufungua peke yake, hata kama kila mtu akivunja ahadi. Orodha isiyo na mlango wa namna hiyo si orodha, ni ndoto.

Bourse

Mabinti waliuliza juu ya bourse. Zipo, lakini msipange chakula cha mtoto juu ya bourse ambayo haijafika. Programu ya Excellentia ya Fondation Denise Nyakeru Tshisekedi inawatafuta waliopata asilimia za juu sana katika Exetat. STEM DRC Initiative, iliyoanzishwa mwaka 2018 na injinia wetu Mkongomani Sandrine Mubenga, inasaidia wanafunzi wa sayansi, teknolojia na matematiki.

Kwa anayependa matematiki, kuna mlango wa mbali zaidi unaofaa kuujua tangu leo: AIMS, taasisi ya Kiafrika ya sayansi za matematiki. Ilianza Afrika Kusini mwaka 2003, na ina vituo pia Senegal, Ghana, Kamerun na Rwanda. Inatoa masta kwa Waafrika waliomaliza masomo ya kwanza ya chuo kikuu, na bourse inabeba masomo, kulala na kula. Kwa hiyo binti anayeanza kwenye chuo cha bei ndogo hajafungiwa. Wanaangalia alama zake na akili yake.

Wengine walitutajia Zambia, maana Copperbelt University iko Kitwe, ng'ambo ya Kasumbalesa, ukipita Chililabombwe na Chingola. Ni karibu kuliko Kinshasa. Lakini masomo ni kwa Kiingereza, mgeni hulipa zaidi ya mwenyeji, na pasipoti yenyewe ni gharama. Tuliiandika kando, kwa penseli.

Kurudi

Jioni tulirudi. Malori yalikuwa yanapita tena, sasa yakitukabili. Binti hakuhesabu, alilala begani mwa mama yake, daftari mapajani.

Siku ya posa, kwenye mkutano wa likelemba, mama wa fretins alisimama. Si mtu wa maneno. Alisema zamu yake iko mwezi wa tatu, na chuo kinataka malipo ya kwanza mwezi wa kumi na moja. Akafungua daftari, akaonyesha ukurasa. Nyumba ilikaa kimya, maana kila mmoja wetu ana shida yake. Kisha yule aliyekuwa na zamu ya mwezi wa kumi na moja, mama wa watoto sita, akasema, "Kamata yangu. Miye nitakamata yako mwezi wa tatu." Hakueleza zaidi. Tuliandika mbele ya wote, akatia sahihi.

Na baba mdogo? Alikuja jumamosi. Mama hakubishana naye. Alimwonyesha kwamba kijana akimaliza sekondari baada ya miaka miwili, binti atakuwa anaingia mwaka wa tatu, yaani wawili watakuwa chuoni pamoja mwaka mmoja tu. Alikuwa ameuchora mwaka huo kwa kalamu nyekundu. Baba mdogo alitazama ukurasa muda mrefu, akauliza nani ameandika hesabu hizi. Mama akasema, "Ule mutoto mwanamuke." Hakusema ndiyo, lakini siku hiyo hakusema tena habari ya ndoa.

Matokeo hatujayapata. Tutawaandikia yatakapotoka, mazuri au mabaya.

Kwa mzazi mwenye mtoto wa mwaka wa mwisho, tayarisheni sasa: buletini za miaka miwili ya mwisho, cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, cheti cha afya, picha za pasipoti, na baada ya matokeo, attestation ya Exetat, kwa sababu diploma yenyewe huchelewa. Ulizeni bei ya miaka yote, si ya mwaka mmoja. Ulizeni kama mnaweza kulipa kwa transhi, na tarehe za transhi, kisha zilinganisheni na zamu yenu ya likelemba. Na muulizeni mtoto mwenyewe anataka nini, kabla ya kumuuliza jirani.

Jumamosi ijayo baada ya mkutano tutabaki na daftari letu. Njooni na mabinti, na kalamu.